Mmoja kati ya Wanne

Nyumbani kwetu hesabu ya "mmoja kati ya wanne" ilieleweka kwa namna tatu. Daktari alimwambia mama kwamba wazazi wote wawili wakiwa na damu ya AS, kila mimba ina uwezekano wa mmoja kati ya wanne wa kumleta mtoto mwenye selimundu. Mama akaelewa kwamba akishampata huyo mmoja, watatu watakaofuata wako salama. Baba, aliyeletewa habari hiyo wakati wa chakula cha usiku, alisema hizo ni hesabu za vitabuni, akaomba chumvi. Shangazi, dada yake baba, hakuhesabu chochote. Yeye alisema kwao damu hiyo haipo.

Siku hizi nafundisha biolojia sekondari, Mwanza, na kila mwaka nawaeleza Kidato cha Nne habari za Gregor Mendel na njegere zake. Mwaka 1866 mtawa huyo alichapisha matokeo ya miaka yake ya kupanda na kuhesabu: katika jaribio moja alipata mbegu 5,474 za duara na 1,850 zenye mikunjo, karibu tatu kwa moja. Wanafunzi wanazipenda namba hizo kwa sababu zinatoka vizuri kwenye mtihani. Unachora kisanduku cha vyumba vinne, unajaza herufi, unapata maksi. Njegere hazina shangazi.

Mdogo wetu wa mwisho alipozaliwa hakuwa na dalili yoyote. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, ya kichanga, na himoglobini hiyo humlinda miezi ya mwanzo hata kama amerithi S kutoka pande zote mbili. Halafu mwili huizima na kuwasha ile ya utu uzima. Kwake ilizimwa akiwa na miezi saba hivi: vidole vya mikono na miguu vilivimba, akalia siku tatu mfululizo. Majirani walisema ni jicho baya. Duka la dawa walisema ni baridi. Kipimo cha damu kilikuja baadaye sana, na kilisema SS.

Nilikuwa chuo mwaka wa kwanza. Niliporudi likizo nilimkuta mama amekonda, na nyumba nzima imejaa maneno ambayo hakuna aliyeyasema mbele ya mwenzake. Nilichukua visoda viwili, nikaandika A upande mmoja na S upande wa pili wa kila kimoja. Hiki chako mama, hiki cha baba. Kila mzazi ana nakala mbili za jeni hiyo, na kila mtoto anapewa moja tu kutoka kwa kila mzazi, kwa bahati. Tuvirushe. Vikaanguka A na S. Tukarusha tena: S na S. Tukarusha tena: S na S.

"Lakini imeshatoka," mama akasema.

"Kisoda hakikumbuki, mama. Kila mimba inaanza upya."

Alivitazama kwa muda. Mama yangu aliishia darasa la saba na anauza dagaa jumla. Hesabu za faida na hasara anazifanya kichwani kabla wewe hujafungua simu. Akauliza, "Kwa hiyo ili mtoto awe SS, ni lazima vyote viwili viwe vimeandikwa S?"

"Lazima."

"Basi shangazi yako anasema nini kuhusu mwanangu?"

Mimi sikuwa nimefika huko. Nilikuwa nikifundisha tu. Mama alipapita mbio mahali ambapo vitabu vya shule havigusi: mtoto wa SS ni ushahidi kwamba baba yake naye anabeba S. Kwa hiyo ukoo unaposema "kwetu haipo", unasema kitu kimoja tu kuhusu mama wa mtoto, hata kama haukutamka. Nimekuja kuwafahamu wanawake wengine walioachwa kwa sentensi hiyo. Huwa inasemwa kwa upole, mara nyingi msibani.

Baba hakubishana na dada yake. Wala hakumtetea mama, na hilo mama hakulisahau. Lakini siku moja kabla sijarudi chuo alitoka asubuhi bila kuaga, akarudi mchana, akaweka karatasi chini ya redio mahali panapowekwa risiti za umeme. Tuliiona jioni. AS. Mama aliisoma, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba wake. Sijui kama shangazi aliwahi kuonyeshwa. Najua kwamba Krismasi ile alileta kuku wawili na hakuzungumzia damu.

Nataka kusema jambo kuhusu hiyo S, kwa sababu inaitwa "damu mbovu" na watu wanaojua kusoma. Jeni ya himoglobini tunayoizungumzia ipo kwenye kromosomu ya 11. Ndani ya herufi zipatazo bilioni tatu za DNA ya binadamu, tofauti ya A na S ni herufi moja: mahali palipotakiwa kuwa na A pana T. Kwa herufi hiyo, asidi amino moja inabadilika, na himoglobini ikiishiwa oksijeni inashikana na kujipanga kama nyuzi, ikiivuta seli nyekundu hadi ipinde kama mundu. Seli iliyopinda haipiti vizuri kwenye mishipa midogo. Maumivu ambayo mdogo wangu huyaita "kugongwa nyundo kwa ndani" ni hayo: damu imekwama.

Lakini kwa nini herufi hiyo haikutoweka, ikiwa inaua watoto? Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alikusanya damu za watu nchini humo akaona mpangilio wa ajabu: wenye sifa ya selimundu walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache sana nyanda za juu. Penye mbu wengi ndipo penye S. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: mwenye S moja tu, yaani AS, anapata kinga dhidi ya malaria kali. Katika jaribio moja Waluo 30 waliambukizwa malaria kwa makusudi, nusu yao AS. Kati ya 15 wasio na S, 14 walipata vimelea kwenye damu. Kati ya 15 wenye AS, wawili. Nikifika hapo darasani mkono mmoja hunyanyuka kila mwaka: waliombwa ruhusa? Swali zuri kuliko yote ninayoulizwa, na huwa naacha kipindi kiishie hapo.

Baba alizaliwa Ukerewe, katika nyumba iliyozika watoto wanne kwa homa kabla hawajafika miaka mitano. Yeye alibaki. Siwezi kuapa kwamba ni S iliyombakiza. Yawezekana ni bahati, yawezekana ni bibi na majani yake. Ila sina sababu ya kuitukana herufi ambayo huenda ndiyo iliyomfikisha baba yangu utu uzima. Mdogo wangu, mwenye mbili, haimsaidii kitu. Kwake malaria ni hatari zaidi, na analala kwenye chandarua kana kwamba ni sheria ya serikali.

Sasa ana miaka kumi na moja. Mwaka jana tuliambiwa kuhusu kupandikiza uloto. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu, na upandikizaji huo kwa watoto umeshaanza kufanyika hapahapa, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Unahitaji ndugu ambaye alama zake za kinga, zinazobebwa kwenye kromosomu ya 6, zinafanana kabisa na za mgonjwa. AS anaruhusiwa kuchangia. Na uwezekano wa ndugu mmoja wa baba na mama wamoja kufanana hivyo ni, bila shaka mmeshabahatisha, mmoja kati ya wanne.

Tuko wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Hesabu ni rahisi: robo tatu mara robo tatu, yaani tisa kwa kumi na sita kwamba sote tutakosa. Zaidi ya nusu. Nilijua hivyo tangu siku tunatolewa damu, na kujua hakukunisaidia hata kidogo. Majibu yalipokuja, sote wawili hatukufanana naye. Mama alisema, "Ningekuwa nimezaa wa nne," na kwa mara ya kwanza maishani nikatamani asingeijua ile hesabu.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma usiku kuhusu mkasi. CRISPR ni zana iliyotokana na namna bakteria wanavyojilinda na virusi. Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walionyesha mwaka 2012 kwamba inaweza kuelekezwa kukata DNA mahali unapopachagua, wakapata Nobeli ya kemia mwaka 2020. Mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba ya selimundu inayoitwa Casgevy. Haihitaji ndugu. Seli mama za damu za mgonjwa mwenyewe hutolewa, hukatwa maabara, na baada ya uloto wake kufagiliwa kwa dawa kali, hurudishwa. Kilichonishangaza ni kwamba mkasi hauigusi ile herufi. Unaharibu swichi inayozima himoglobini ya kichanga. Damu inarudi kuwa ile ya miezi yake sita ya kwanza, kabla vidole havijavimba.

Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Niliibadilisha kwa shilingi, nikapata mabilioni, nikafunga simu. Mdogo wangu anameza kapsuli za haidroksiyurea, ambazo nazo huusukuma mwili utengeneze himoglobini ya kichanga zaidi, taratibu, siku kwa siku. Tangu aanze amelazwa mara mbili tu.

Jumapili moja alinikuta nasahihisha madaftari. Akauliza kama akipata ule mkasi watoto wake watakuwa wazima.

Nikamwambia mkasi unabadilisha seli za damu tu. Mayai yake hayaguswi. Apone au asipone, kila mtoto wake atapokea S kutoka kwake. Akiolewa na AA, wote watakuwa AS kama mimi. Akiolewa na AS, nusu kwa nusu.

"Kwa hiyo inabidi nimuulize."

"Inabidi umuulize."

"Siku ya kwanza, dada?"

Siku ya kwanza ni mapema mno, nikasema. Ya tatu.