Juala Nililolitoa Pichani

Wafasiri wetu, wanapokutana na yale majira ya Ulaya ambapo majani hugeuka manjano na kupukutika, aghalabu huyaita vuli. Sina ugomvi nao. Lugha hukopesha kile ilicho nacho. Hata hivyo, kwa mtu aliyezaliwa katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, vuli ni mvua. Ni Oktoba hadi Disemba, ni maharagwe ardhini, ni matope yanayong'ang'ania viatu vya aendaye sokoni. Mapukutiko yetu huja kabla ya hapo, wakati wa kipupwe na ukavu unaokifuata, wala hayaukumbi msitu mzima kwa pamoja. Hupukutika mti huu leo, ule kesho, huku migrivea na michai ikibaki kijani kana kwamba haikupata habari.

Mti ninaoupenda zaidi katika msimu huo ni ule ambao Wameru huuita muuti. Huvua majani yake yote, ukabaki na matawi matupu yenye magamba na miiba, kisha juu ya uchi huo ukachanua maua mekundu kama makaa. Mwaka 2021 nilinunua kamera kuukuu kwa fedha nilizopata kwa kusahihisha insha za wanafunzi wa sekondari, na tangu siku hiyo sikuacha kuufuata mti huo, Embu ninakosomea na Meru nilikozaliwa.

Picha iliyonipa sifa niliipiga Agosti 2023 kando ya mto Kathita. Ukungu ulikuwa haujaondoka, maua yalikuwa mekundu, na maji yaling'aa chini yake. Tarehe 7 Julai 2024, Siku ya Kiswahili Duniani, iliwekwa ukutani katika maonyesho madogo ya chama chetu. Mhadhiri mmoja alisimama mbele yake kwa muda akasema kuwa picha ile ni shairi lisilohitaji vina. Nilivimba kichwa kwa wiki nzima.

Nilipoipeleka nyumbani, mama aliitazama, akavaa miwani, akaitazama tena.

"Hapa si pale chini ya daraja?"

"Ndipo, mama."

"Na yale majuala yako wapi?"

Nilicheka, naye hakucheka. Ukweli ni kwamba tawi la mbele lilikuwa na juala la samawati lililonasa miibani, limechanika vipande vipande. Nilivunja kijiti, nikalivuta, nikalitupa nyuma yangu, nikapiga picha. Sikuliokota. Nilichotaka ni litoke pichani. Kutoka mtoni halikuwa shauri langu.

(Wanafunzi wenzangu wa isimu wamewahi kujadili iwapo neno juala ni sanifu, na kama tulikubali basi tuliweke katika ngeli ya LI-YA. Nadhani limekwisha kujiweka lenyewe. Limeingia kila mahali pengine, litashindwaje kuingia kamusini?)

Mama alikuwa na sababu ya kutocheka. Kwa miaka mingi aliuza viazi, kabichi na nyanya katika soko la Gakoromone mjini Meru, na kila mapema ya juma alinunua bunda la majuala ya kufungia bidhaa. Nyumbani tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyenilipia karo. Mwaka 2014, nikiwa kidato cha tatu, ng'ombe huyo aliacha kula, tumbo likamfura, na siku ya tano akafa. Jirani aliyempasua alitoa tumboni donge la nailoni lililosokotana na nyuzi za katani, kubwa kama kichwa cha mtoto. Mama alilichukua donge lile, akaketi nalo chini ya mwembe, akalichambua kwa kisu juala baada ya juala. Alikuwa akitafuta kitu. Majuala hayana alama ya aliyeyatoa, na hadi leo hajui kama miongoni mwake limo la kibanda chake. Muhula ule nilirudi shuleni nikiwa nimechelewa kwa wiki mbili.

Kwa hivyo, serikali ilipotangaza Februari 2017 kwamba kuanzia tarehe 28 Agosti mwaka huo itakuwa hatia kuunda, kuingiza nchini au kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, nilishangilia bwenini. Majaribio ya 2007 na 2011, yaliyolenga mifuko myembamba, hayakuwa yamefua dafu. Safari hii adhabu ilikuwa faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au vyote viwili. Nilishangilia, lakini sikumpigia mama simu kumwuliza atafungia nyanya kwa nini. Baadaye ndipo nilipojua kuwa alifungia magazeti yaliyolowa na kuraruka, kwamba wateja walimtukana na kuondoka, na kwamba kuna siku alirudi nyumbani na nyanya zake zote. Waliofurahi ni bibi wazee ambao hawakuwa wameviacha vyondo vyao vya katani. Walipita mbele ya kibanda wakivipigapiga kama ngoma.

Kule Maua, wafungaji wa miraa hawakuwa na la kujifunza, maana vitita vyao huvikwa majani ya mgomba ili visinyauke. Mguka wa huku Embu, kwa kuwa ni majani matupu, ulizoea kusafiri katika nailoni. Mmea wa jamii ile ile, milima jirani, tabia mbili. Na hata sokoni juala halikufa kabisa. Lilirudi kwa magendo, au likavaa joho la mfuko unaofanana na kitambaa, kumbe ni polipropilini, plastiki kama ndugu yake.

Baada ya swali la mama nilianza kusoma habari za James Wakibia, mpigapicha wa Nakuru. Yeye alilielekezea kamera jaa la Gioto lililomwaga uchafu hadi barabarani, akazisambaza picha hizo mtandaoni akidai marufuku, miaka kadhaa kabla ya 2017. Tulikuwa na chombo kimoja mkononi. Yeye alisogea ili uchafu uingie pichani, nami nilisogea ili utoke.

Nikaamua kujikagua. Kwa juma moja nilihifadhi kila plastiki iliyopita chumbani mwangu Embu: pakiti za maziwa, mifuko ya mkate, vifuniko, kalamu zilizokauka, chupa tano za maji. Chupa zilikuwa rahisi kuacha. Sasa nachemsha maji na kuyabeba katika chupa ya chuma. Maziwa nayanunua kwenye mashine ya dukani kwa jagi langu mwenyewe, na muuzaji amekwisha kuacha kunishangaa. Mkate umenishinda. Sheria iliuachia mfuko wake kwa sababu hufungiwa kiwandani, nami nimeupunguza tu kwa kula nduma na viazi vitamu, ambavyo vilikuja duniani na vifungio vyao. Kiondo ninachobebea vitabu kimenipa jina la utani darasani ambalo sitaliandika hapa.

Oktoba iliyofuata nilipanda matatu kwenda Meru kupiga upya ile picha, nikiwa nimeazimia kulijumuisha juala. Tulivuka Thuci, tukapita Chuka na Nkubu. Abiria aliyeketi mbele yangu alirusha chupa dirishani, nami, nakiri, sikusema neno. Nilifika darajani alasiri. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Muuti ulikuwa umeanza kuvaa majani, Kathita ilikuwa imejaa maji mekundu, na pale nyuma ya mti nilipolitupa juala langu mwaka uliotangulia, mto ulikuwa umekwisha kupita.

Kathita huingia Tana, na Tana humwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Kipini, mahali ambapo masimulizi husema Fumo Liyongo amezikwa. Nilisimama pale na kamera shingoni hadi mama akapiga simu kuuliza kama nitafika kabla ya giza, na kama nimebeba kiondo, kwa kuwa kuna maharagwe ya kurudi nayo Embu.