Njia ya Sanje na Tochi za Barabarani

Bonde la Kilombero ni nchi ya maji na rutuba. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda huko huiacha barabara kuu ya Iringa penye mji wa Mikumi, akashika njia ya kushoto, akapita Kidodi, akavuka daraja la Ruaha Mkuu, akaingia Kidatu. Tangu hapo milima ya Udzungwa humwandama mkono wa kuume, na mkono wa kushoto huona miwa na mpunga. Kabla ya kufika Mang'ula hukuta kijiji cha Sanje, chenye maporomoko ya maji yashukayo kiasi cha mita 170. Yumo pia katika msitu ule kima aitwaye kwa jina la kijiji hiki, ambaye wataalamu hawakumjua mpaka mwaka 1979.

Basi wasomaji wetu wasidhani kuwa leo twataka kusifu maporomoko. Twataka kusema juu ya barabara ipitayo chini yake, maana habari yake yagusa kila nyumba yenye mtoto aendaye skuli au madrasa.

Miaka mingi njia hii ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Gari ziliyumba, zikakwama, na abiria wakashuka kuzisukuma. Leo zile kilomita 66.9 kutoka Kidatu mpaka Ifakara zimetiwa lami. Ni neema kubwa. Mgonjwa huwahi hospitali Ifakara, na mpunga hufika sokoni. Lakini yafaa tukumbuke kuwa zamani barabara yenyewe ndiyo iliyokuwa askari. Mashimo yake yalimlazimu kila dereva kwenda pole, awe mwema au mkaidi. Lami ilipokuja, askari yule aliondoka, na badala yake akaja askari mwenye tochi.

Tochi ni jina walilolipa madereva wenyewe. Ni chombo ambacho askari wa usalama barabarani hukielekeza kwenye gari ijayo. Chombo hutoa miale, miale hugonga gari na kurudi, na kwa kurudi kwake mwendo hujulikana. Na zipo tochi zipigazo picha ya gari pamoja na namba yake. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, nayo yaagiza mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu, na 80 kwa mabasi na malori hata nje ya makazi. Aliyezidisha huandikiwa faini. Faini iliyozoeleka kwa gari ni shilingi 30,000. Ya bodaboda na bajaji ilipunguzwa katika bajeti ya mwaka 2021 ikawa 10,000.

Madereva tuliosafiri nao wana malalamiko, na si haki kuyapuuza. Husema askari hujificha nyuma ya mwembe kama awindaye digidigi. Husema vibao vya 50 huanguka au hufunikwa na majani, dereva mgeni asijue kijiji kimeanzia wapi na kimeishia wapi. Husema tajiri hutaka hesabu yake jioni hata kama faini imekula nauli yote. Sisi twasema kibao kisimame paonekane, maana sheria isiyoonekana humkamata mtu bila ya kumfundisha. Na askari apokeaye fedha mkononi bila ya risiti, na dereva ampaye, wote wawili wameiuza roho ya mpita njia kwa thamani ndogo.

Lakini madereva nao wana desturi moja ituhuzunishayo. Aliyepishana na tochi humwashia taa mwenziwe ajaye, kumtahadharisha. Wao huita jambo hili kusaidiana. Tazama sasa matokeo yake: mwenye kuashiriwa hupunguza mwendo mpaka ampite askari, kisha hukanyaga mafuta tena, na mbele yake kuna skuli. Amemwogopa askari wala hakumwogopa mtoto. Lau taa zile zingewashwa kumwambia mwenzake kuwa mbele kuna watoto wavukao, hapo tungesema kweli wamesaidiana.

Na tufanye hesabu, kwani hesabu haina upendeleo. Kijiji chenye urefu wa kilomita 2, ukikipita kwa mwendo wa 50 watumia dakika 2 na sekunde 24. Ukikipita kwa 80 watumia dakika moja na nusu. Faida yako ni sekunde 54! Hata njia nzima, Kidatu mpaka Ifakara, kati ya mwendo wa 80 na wa 100 tofauti ni dakika 10 tu. Ama hasara yake, gari iendayo 50 hukata kiasi cha mita 14 katika sekunde moja, na iendayo 100 hukata mita 28. Tena mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya kusimama kwa breki huzidi mara nne. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa khatari ya kufa kwa mtu aendaye kwa miguu huzidi mara nne na nusu pale mwendo wa gari imgongayo unapopanda kutoka 50 hadi 65.

Wako waandikao nyuma ya magari yao kuwa ajali haina kinga. Neno hilo ni kweli kwa jambo lisilo katika uwezo wa mja. Lakini mguu wa dereva u katika uwezo wake, na kila kilichomo katika uwezo wa mtu ataulizwa habari yake. Vivyo hivyo abiria, hasa vijana wetu, wapigao kelele "Kanyaga twende!", wajue kuwa wao ni washirika katika kosa. Abiria ana ulimi, na amwambie dereva kwa adabu, "Kaka, twende pole, hapa pana watoto."

Alasiri watoto wa Sanje huvuka lami hii wakiwa na juzuu kwapani. Mtoto mdogo hajui kukisia mwendo wa gari. Aiona mbali, kumbe imekwisha fika. Wazazi, muwashike mikono. Nanyi madereva, mpiteni kijijini mwendo ule ule ambao mngependa dereva mgeni apite nao mlangoni pa nyumba zenu, tochi iwepo au isiwepo.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wote, awafikishe salama. Amin.