Tumejenga Mbali, Nani Atatujulia Hali?

Akina mama wenzangu, siku hizi tukikutana wawili watatu hapa Dar es Salaam, mazungumzo hayakawii kufika kwenye kiwanja. "Umeshajenga?" "Umeshahamia?" Imekuwa kama salamu. Nami humfurahia kila mama aliyeondokana na kodi ya miezi sita inayodaiwa kwa mkupuo. Lakini mimi ni muuguzi katika kliniki ya mjini, na Jumamosi hujitolea pamoja na akina mama wa kanisa kutembelea wagonjwa majumbani. Katika kazi hizo mbili nimeona jambo moja ambalo wajenzi wengi hawalitii hesabuni. Tunahesabu tofali, saruji, nondo na mabati. Watu tunaowaacha nyuma hatuwahesabu.

Wengi wetu tulianzia maisha Kariakoo, Ilala, Magomeni au Temeke, katika ile nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Baadaye wazee wenye nyumba walifariki, warithi wakauza, na hasa Kariakoo pakapanda maghorofa ya maduka. Wapangaji tulitawanyika. Wengine walikwenda Mbagala na Gongo la Mboto, wengine Kimara, Mbezi, Bunju na Chanika. Viwanja vya huko vilipopanda bei, watu walivuka mpaka wa mkoa wakaingia Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo.

Sensa inaonyesha hivyo hivyo. Mwaka 2012 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu milioni 4.36, na mwaka 2022 walikuwa milioni 5.38. Ongezeko hilo halikufika robo. Katika miaka hiyo kumi, Mkoa wa Pwani unaotuzunguka ulitoka watu milioni 1.1 hadi milioni 2.02, yaani karibu mara mbili. Sababu za ongezeko hilo ni nyingi, lakini mtu yeyote anayepita Barabara ya Morogoro alfajiri anaijua mojawapo. Wengi wanalala Kibaha na kufanya kazi mjini.

Sasa niwaambie nyumba ya vyumba sita ilitupa nini. Bafu lilikuwa moja, foleni ya choo haikwisha, na siri haikukaa. Lakini sisi wauguzi tulikuwa na wasaidizi wengi humo ndani wasiolipwa mshahara. Mtoto akiharisha, mama wa chumba cha pili alijua kabla ya baba yake. Mzee asipotoka kuota jua, mlango wake uligongwa. Mjamzito akishikwa na uchungu usiku, nyumba nzima iliamka.

Katika nyumba ya namna hiyo, pale Magomeni, nilikuwa na jirani aliyenizidi umri sana. Ndiye aliyemkanda na kumwogesha mtoto wangu wa kwanza siku zote arobaini, nami nilizoea kumwita Mama. Alikuwa na ugonjwa wa presha na alikunywa vidonge kila asubuhi, kwa sababu kila asubuhi palikuwa na mtu wa kumwuliza, "Umeshakunywa?"

Watoto wake walimjengea nyumba nzuri mbele ya Kibamba, yenye vigae na tangi la maji. Walimjengea kwa upendo, wala hakuna aliyemtupa. Lakini wao waliondoka nyumbani saa kumi alfajiri na kurudi saa tatu usiku. Majirani walikuwa nyuma ya kuta zao. Kliniki yake ilibaki mjini, daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Vidonge vilipokwisha, alimwambia binti yake, "Mwanangu, presha yenyewe wala siisikii, nitakwenda mwezi ujao." Na kweli presha mara nyingi haiumi. Asubuhi moja alianguka jikoni. Waliomkuta ni watoto wake, jioni, waliporudi kazini. Kilikuwa kiharusi. Anaishi, namshukuru Mungu, lakini mkono uliomkanda mwanangu hauinuki tena.

Nyumba ile ilikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kuuliza.

Sisemi watu wasihame. Mimi mwenyewe nimejenga huko huko. Wala usafiri peke yake hautoshi kuwa dawa. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni yaliwapunguzia wengi adha, lakini basi halimwulizi bibi kama amekunywa dawa. Ninachoomba ni kwamba tunapohama, matunzo yahame pamoja nasi.

Kabla ya kupakia vyombo, tafuta zahanati au kituo cha afya cha huko uendako, na mwenye presha, kisukari au dawa nyingine za kila siku aombe barua ya kuhamishia matibabu. Kadi ya mtoto isifungiwe kwenye sanduku. Akizaliwa mjini na kupata chanjo za wiki ya 6 na ya 10, ile ya wiki ya 14 ataipata kliniki ya karibu na nyumba mpya, na za surua katika miezi 9 na 18 vivyo hivyo. Juma la kwanza, usingoje kugongewa. Gonga wewe. Uwape majirani wawili namba ya simu, na kama una mzee, mmoja wao ajue dawa zake. Mzee mwenyewe aulizwe kama anataka kuhama, maana kwake mtaa ni zaidi ya anwani.

Makanisa nayo yana kazi. Waumini wengi bado wameandikwa katika jumuiya za mjini ambako hawalali tena. Jumapili wanakuja, wanaimba, wanaondoka, na siku sita hakuna anayejua habari zao. Kundi letu liliandika upya orodha kwa kufuata mahali mtu anapolala, kisha kila mama akapewa nyumba mbili za jirani za kupitia kila wiki. Haikuhitaji mchango wala kamati.

Nehemia alipokwisha kujenga ukuta wa Yerusalemu hakukaa akautazama. Sura ya kumi na moja ya kitabu chake inaeleza jinsi watu walivyopangwa, mmoja katika kila kumi akae mjini na waliobaki wakae katika miji mingine, na majina yakaandikwa. Ukuta ulikuwa umekamilika, lakini ilibidi pia ijulikane nani anakaa wapi.

Basi, mpendwa msomaji, ukimaliza kusoma ukurasa huu, mfikirie mtu mmoja aliyehama mtaani kwenu mwaka huu. Mpigie simu leo. Usimwulize nyumba imefikia wapi. Mwulize anaendeleaje, na nani yuko naye mchana.