Bendi za Kuenzi: Tulichokipata na Tulichokikosa

Katika miji ya Uingereza tunamokaa ni nadra kuupita ukumbi wa mji usiokute ukutani tangazo la wanamuziki wanaojifananisha na wanamuziki wengine. Wenyewe hujiita bendi za kuenzi. Sisi majumbani tumezoea kuwaita waigaji, wala hatukusudii kuwavunjia heshima. Wako wanaojifanya The Beatles, waliovunjika mwaka 1970. Wako wanaojifanya ABBA. Na wako, tena wengi, wanaojifanya Queen. Hawa wa mwisho ndio tuliokwenda kuwatazama msimu wa baridi uliopita, sisi wazee wanne na vijana wetu saba.

Kwa nini hao, mtu wa Unguja hana haja ya kuelezwa. Mwimbaji wa Queen, aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 akaitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa wazazi wa Kiparsi wenye asili ya India. Alipelekwa skuli Bara Hindi, akarudi, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ikahamia Feltham, nje kidogo ya London. Safari ya namna hiyo wengi wetu twaijua. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Twafahamu kwamba wapo miongoni mwetu wasiopenda kusikia jina lake: mwaka 2006 sherehe ya kumkumbuka iliyopangwa kufanyika Unguja ilipingwa hadi ikaachwa, na hata hivyo mwaka 2019 Mji Mkongwe ukafunguliwa nyumba ya makumbusho yake. Hatuandiki kuyahukumu maisha ya mtu aliyekwisha kwenda mbele ya Mola wake. Twaandika juu ya hao wanaovaa nguo zake.

Kwanza tuwape haki yao. Santuri waweza kuisikiliza peke yako chumbani, lakini upo wimbo uliotungwa ili uitikiwe na umati, na wimbo huo hautimii mpaka umati upatikane. Usiku ule ulipatikana. Kijana aliyezaliwa mwaka 2008 hana njia ya kuujua mtetemo huo kifuani ila kwa watu kama hawa, nao huja mpaka kwenye miji midogo ambayo wenye majina makubwa hawaikanyagi, kwa tiketi ambayo familia yaimudu. Wala kazi yao si ndogo. Katika wimbo wao mashuhuri wa mwaka 1975, ule wenye Bismillahi iliyotushtua tulipoisikia mara ya kwanza, sehemu ya kati ina sauti zilizorundikwa moja juu ya nyingine studio, hata Queen wenyewe hawakuiimba jukwaani: walitoka, ukanda ukapigwa, kisha wakarudi kumaliza. Waigaji wetu hawakutoka. Watu watano waliiimba kwa vinywa vyao, wakapungukiwa hapa na pale, na ukumbi mzima ukawashika mkono. Basi hapo nakala ilithubutu pale ambapo asili haikuthubutu, nasi tulisimama tukapiga makofi.

Kero ndogo tuzipite upesi: baa ipo mlangoni, vyombo hupigwa kwa nguvu kupita kiasi, na masikio ya wazee yalivuma mpaka asubuhi. Wahudumu, lakini, walikuwa waungwana. Walitupa chumba cha makoti, tukasali Isha wakati wa mapumziko.

Kilichotukera hasa ni masharubu. Mwimbaji alivaa koti la manjano, mfano wa lile alilovaa Mercury majukwaani mwaka 1986, akabandika masharubu ya bandia. Katikati ya wimbo wa huzuni jasho likayabandua upande mmoja. Watu wakacheka, naye akayabana kwa kidole huku akiendelea kuimba, na kwa bahati mbaya hapo ndipo alipoimba vizuri kuliko saa zote. Sauti yake mwenyewe ilikuwa njema, nzito kidogo kuliko ya yule anayemwiga, nasi tulitamani ayatupe yale manyoya ili tumsikie yeye. Tena mwaka ulikuwa 1986 usiku kucha. Yule mgonjwa aliyeimba albamu nzima iliyotoka mapema mwaka 1991, miezi michache kabla ya kufa, hatukumwona. Na katika hadithi zote zilizosimuliwa baina ya nyimbo, Unguja haikutajwa hata mara moja. Mtu huigwa koti, mwendo na ngumi ya hewani, akaachwa alikotoka.

Kwetu mambo haya hayakwenda hivyo. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alirekodi santuri zake Bombay kuanzia mwaka 1928, akafariki mwaka 1950. Nyimbo zake hazikufa naye. Bi Kidude aliziimba miaka na miaka mpaka alipotutoka mwaka 2013, wala hakuna aliyemdhania kuwa anajifanya Siti. Ile sauti ya kukwaruza ilikuwa yake. Hata wazee wawili wa Queen, Brian May na Roger Taylor, walipopanda jukwaani na Adam Lambert, walimchagua mwimbaji asiyebandika masharubu.

Tuliyasema hayo njiani tukirudi, na vijana hawakukubali. Binti mmoja alituuliza, kwa adabu lakini bila kupepesa, ni nani hapa mjini aimbaye nyimbo za Siti sasa. Tulimtaja mama yetu mmoja, ambaye kwa miaka mingi ameimba taarabu kwenye harusi zetu za wanawake. Akauliza anayejifunza kwake ni nani. Garini pakawa kimya. Mama yetu huyo amepindukia miaka sabini, na harusi mbili za mwisho zilipigiwa nyimbo za kwenye simu kwa kuwa kifua kilimzuia. Hakuna hata mwigaji wa kumwiga.

Tangu hapo wasichana wawili huenda kwake kila Jumapili baada ya Adhuhuri. Huwafundisha maneno kwanza, ubeti kwa ubeti, kwa kuwa Kiswahili chao kina mapengo, na mahadhi baadaye. Mmoja alianza kwa kumwiga kila kitu, pamoja na kikohozi anachokitoa kabla ya kuitikia kiitikio, mama akamkataza. Mpaka sasa wameshika nyimbo tatu. Nafasi ipo kwa wengine, na mwenye daftari lolote la nyimbo za zamani, hata lililochanika, tafadhali atuletee tulinakili.