Kivumishi Kilichomtoa Baba Sebuleni

Jamani, hivi homuweki za watoto nyie mnazifanyaje? Kwangu nusura zilete ugomvi.

Jumapili moja usiku niko jikoni, mume wangu yuko sebuleni na binti yetu wa darasa la nne, wanapigia mstari vivumishi vya Kiingereza. Nikamsikia anamwambia "fast" ni kivumishi. Nikadakia huko huko: "Hapana, hicho ni kielezi, futa!" Digrii ya mawasiliano imenipanda kichwani. Mwenzangu kasoma msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikamtesa sekondari, na hapo ana kidonda. Akaweka penseli mezani, akatoka zake barazani.

Mtoto akaniletea daftari. Sentensi yenyewe: "My uncle has a fast car." Sasa hapo "fast" inaelezea gari, ambalo ni nomino, kwa hiyo ni kivumishi. Baba mtu alikuwa sahihi! Ingekuwa "He drives fast", sawa, kielezi, maana inaelezea kitenzi. Neno lile lile, halibadiliki hata herufi. Kiswahili chetu kina huruma: gari lenye kasi, dereva anaendesha kwa kasi, hizo "lenye" na "kwa" zinakutajia kila kitu. Kiingereza sharti usome sentensi nzima, na mimi sikuisoma.

Nikamfuata barazani, binti nyuma yangu, maana nilimkosoa mbele yake. "Baba, ulikuwa sahihi. Nisamehe."

Akanyamaza weee. Kisha akanyoosha mkono apewe daftari. "Na hii 'my' nayo tuipigie mstari?"