Kodi ya Jengo Analipa Nani?

Nimepanga Mbalizi kwa sababu nilipata chumba cha bei ninayoiweza. Nyumba yetu ina wapangaji watano na mita moja ya LUKU. Kila mwezi, anayenunua umeme wa kwanza ndiye anakatwa kodi ya jengo. Ukiingiza elfu tano, 1,500 inaondoka, unapata uniti 9.8 badala ya 14. Ndiyo maana tarehe moja kila mtu "hana hela", tunakaa giza tukiviziana.

Kodi hii ilianza kukatwa kupitia LUKU Agosti 2021, shilingi 1,000 kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Kwa mwaka ni 18,000. Kisheria anadaiwa mwenye nyumba, siyo mpangaji.

Mama wa chumba cha mbele, muuza viazi sokoni, alichoka na giza. Akafungua daftari: nani kanunua, lini, kakatwa ngapi. Miezi sita ikafika 9,000. Tukaenda kwa mwenye nyumba wote watano, mama akatangulia: "Shikamoo mzee, tumeleta hesabu." Mzee akaisoma mara mbili, akakubali kila mtu apunguze alichokatwa kwenye pango lake.

Kwa hiyo mwenzangu unayesubiri boom ukapange, kabla hujalipa pango uliza mambo mawili: mita ni ya wangapi, na kodi ya jengo inarudishwaje. Jibu liandikwe kwenye mkataba. Likibaki mdomoni, mtaviziana gizani kama sisi.