Mtoto Anapojichora Akiwa Ameziba Mdomo

Mtoto akiambiwa ajichore, mara nyingi huchora mtu wa vitabuni: duara, nukta mbili za macho na mdomo wa nusu mwezi. Akiwekewa kioo mezani kazi hubadilika, kwa sababu sasa inabidi ajitazame. Hapo ndipo mzazi anaweza kugundua jambo ambalo mtoto hajawahi kulisema.

Mama mmoja wa Maji ya Chai, njia ya kutoka Arusha kwenda Moshi, aliligundua hilo wakati wa likizo ya Juni. Alichotaka ni kuwatoa watoto wake wawili kwenye simu tu. Akawaonyesha picha za Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko aliyezaliwa mwaka 1907, akawasimulia habari zake. Akiwa na miaka 6 aliugua polio, mguu wake wa kulia ukabaki mwembamba. Mwaka 1925 basi alilopanda liligongana na tramu, akavunjika mgongo na nyonga. Alipokuwa amelazwa kitandani, kioo kilifungwa juu yake, akaanza kuchora uso aliokuwa akiuona. Hadi anafariki mwaka 1954 alikuwa amejichora zaidi ya mara 50. Nyusi zake zilikaribia kukutana, na juu ya mdomo alikuwa na vinyweleo. Vyote alivichora.

Mtoto wa kiume, mwenye miaka 6, alicheka sana kuhusu nyusi, kisha akajichora na pengo lake la mbele. Dada yake wa miaka 10 alikwenda polepole. Alichora nywele alizosukwa twende kilioni, kovu dogo juu ya jicho, na nyuma yake migomba na Mlima Meru. Mdomoni akachora kiganja.

"Mbona umejiziba mdomo, mama?"

"Si ndivyo ninavyocheka."

Akaongeza kwamba binamu yake aliyekuja kutoka Dar es Salaam alimwambia hapigi mswaki.

Wazazi wengi wa Arusha na Arumeru wanayajua meno hayo ya kahawia. Chanzo chake ni madini ya floraidi. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru huyayeyusha na kuyabeba hadi kwenye chemchemi, mito na visima. Mtoto akinywa maji yenye floraidi nyingi katika miaka yake ya kwanza, wakati meno ya ukubwani yanaumbika ndani ya fizi, meno hayo huota yakiwa na madoa. Si uchafu wala uvivu, na mswaki hauyaondoi.

Lakini kilichomgusa zaidi mama ni ule mkono. Yeye naye alizaliwa huko huko na ana meno ya kahawia. Akicheka mbele ya wageni huinua kiganja au ncha ya kitenge. Hakutoa hotuba. Alivuta karatasi, akasogeza kioo, akajichora akiwa anacheka, na alipofika kwenye meno akachukua penseli ya kahawia. Binti alimtazama kimya, kisha akaiomba ile penseli. Picha ya kwanza hakuifuta. Alichora ya pili, mdomo ukiwa wazi kidogo.

Mzazi anayetaka kujaribu hahitaji vitu vingi: kioo kidogo kilichoegemezwa kwenye sufuria, karatasi, penseli ya kawaida na penseli za rangi. Mtoto aanze na umbo la uso, kisha macho, ambayo huwa katikati ya kichwa na si juu kama wengi wanavyodhani. Rangi ya ngozi aitafute kwa kuchanganya kahawia, njano na nyekundu, akilinganisha na mkono wake. Frida alijizungushia kima na kasuku wake. Mtoto wa Meru anaweza kuweka mbega, mbuni wa kahawa au mbuzi wa nyumbani.

La kuepuka ni kumsahihisha au kumlazimisha. Frida mwenyewe, pamoja na ujasiri wake, alizoea kujichora mdomo umefumbwa. Swali moja linatosha: "Hapa umeona nini?" Kisha mzazi anyamaze, asikilize.

Na kwa wadogo ambao meno yao ya ukubwani hayajaota, picha peke yake haitoshi. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri huwa na floraidi kidogo sana, na chujio la mkaa wa mifupa, ambalo limefanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, huipunguza. Mtoto mkubwa naye aelezwe habari hizi waziwazi, ili binamu akiuliza tena apate la kumjibu.